Dada Yangu na Wazee wa Watu

Juzi barazani, baada ya Isha, kinyozi jirani yangu aliniuliza swali ambalo nimekwisha kuulizwa mara nyingi na kila mara nalijibu vibaya. Mvua ilikuwa imekatika, tumekaa tunakunywa kahawa, yeye anatafuna kashata. "Fundi, hivi dada yako huko Italia anafanya nini hasa?" Nikamwambia ni mmisionari. Akaniangalia. "Mmisionari? Si wao ndio waliokuja kwetu? Sasa yeye kaenda kuwahubiria wenyewe?" Hakusema kwa ubaya. Ni rafiki yangu wa miaka, watoto wake wote nimewashonea sare za skuli. Lakini jibu langu lilikuwa refu kuliko kikombe kile cha kahawa, nikasema "Kazi ya Mungu tu," nikaaga. Usiku sikulala vizuri. Nikaona bora nimwandikie, na wengine wenye swali kama lake wasome.

Kweli, walikuja wao. Mapadri Wafaransa waliteremka Unguja mwaka 1860, kabla hawajavuka kwenda Bagamoyo, na kanisa letu la Shangani, ambalo mji mzima unaliita Minara Miwili, lilijengwa mwishoni mwa karne ile. Mkunazini, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, Waanglikana walijenga lao mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Watalii huonyeshwa minara na madhabahu, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi sipendi umisionari unaosimuliwa kwa majengo. Walikuwapo watu waliokuwa wakiosha vidonda vya wenzao, na majina yao hayakuandikwa ukutani.

Sisi ni Wakristo wa hapa hapa. Babu yetu alitoka bara kuja kuchuma karafuu, hakurudi. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, na safari yake ya Italia, ukiniuliza mimi, ilianzia Welezo. Wakati ule jumuiya yetu ilikuwa ikienda mara kwa mara kwenye nyumba ya wazee ya Welezo, ambayo zamani ilihudumiwa na masista, tukipeleka sabuni na sukari. Watoto wengine tulikuwa tunagawa haraka haraka tukimbilie nje kwenye maembe. Yeye alikuwa anakaa. Kulikuwa na bibi mmoja asiyeona aliyekuwa akimshika mkono na kumwita kwa jina la mtu mwingine, labda mwanawe, labda mdogo wake, hakuna aliyejua. Dada alikuwa anaitika, "Abee." Mimi nilimuuliza njiani kwa nini anaitika jina lisilo lake. Akaniambia, "Sasa nani mwingine amwitikie?" Alikuwa na miaka kumi na mbili.

Akajiunga na shirika, akaenda bara kwa unovisi, yaani malezi ya kuingia utawa, akaweka nadhiri, na mwaka 2014 wakuu wake wakamtuma kaskazini ya Italia, mji mdogo karibu na Bergamo, ambako masista wana nyumba ya wazee. Mama alilia uwanja wa ndege, kilio cha fahari. Alijua mwanawe anakwenda kufundisha dini. Alikwenda kubadilisha mashuka, kulisha supu kwa kijiko, kukata kucha za watu wasiojikunja tena. Lugha ilimtesa. Kiitaliano alikuwa amejifunza Roma, akafika kule akakuta wazee wanazungumza lahaja yao ya Kibergamo. Alinieleza hivi: ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili darasani, akapelekwa Makunduchi kukaa na mabibi wanaozungumza Kikae, tena meno yamekwisha.

Hapa mtaani tulikuwa tukisema Wazungu wanawatupa wazee wao, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Dada alikasirika siku niliyomwambia. Akaniuliza, "Welezo tulikuwa tunakwenda kwa nani? Na nyumba ya wazee ya Sebleni wanakaa nani?"

Mwezi wa Februari 2020 ukielekea kwisha, aliniambia maradhi ya korona yameonekana mji unaoitwa Codogno. Nikamuuliza ni mbali? Akasema kama mjini na Nungwi tu. Sikutia maanani. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye kazi. Riziki yangu kubwa wakati huo ilikuwa sare za hoteli: mashati ya wahudumu, aproni za jikoni, vitambaa vya meza. Nilikuwa nashonea hoteli mbili za Kiwengwa, kule ambako vijana wa ufukweni wanakijua Kiitaliano kuliko Kiingereza kwa wingi wa Waitaliano. Machi ndege za watalii zikasimama, hoteli zikafunga, na katika wiki mbili oda zote zikafutwa. Vitambaa vyeupe nilivyokuwa nimekata kwa ajili ya meza nikavigeuza barakoa.

Kanisani ndiko nilikoona vizuri zaidi lililotufika. Kwaya yetu ilijaa wapishi, walinzi na wahudumu wa hoteli kutoka bara. Walipokosa kazi walipanda boti mmoja mmoja kurudi makwao. Jumapili moja tukasimama kuimba, upande wa besi nimebaki mimi na mzee mmoja anayekohoa. Mlangoni maji ya baraka yameondolewa, imewekwa ndoo ya maji ya kunawa na sabuni. Amani tulitakiana kwa kuinamishiana vichwa. Lakini angalau tulikuwa ndani, tunasali. Rais Magufuli alikuwa amesema nyumba za ibada zisifungwe.

Kule Italia kulifungwa kila kitu. Usiku wa tarehe 9 Machi Waziri Mkuu Giuseppe Conte alitangaza kuifunga nchi nzima. Mtu akitoka nje lazima awe na karatasi aliyoijaza mwenyewe kueleza anakwenda wapi na kwa sababu gani. Misa za waumini zilisimamishwa. Ndani ya nyumba yao ya wazee hakuna aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa wafanyakazi: si mtoto, si mjukuu, si padri. Masista walikuwa tisa. Kabla Machi haijaisha watatu walikuwa wameugua, na wawili kati yao, wakongwe waliompokea dada siku ya kwanza, wakafariki. Hakuna aliyewazika kwa nyimbo. Mazishi ya watu kukusanyika yalikuwa yamekatazwa.

Tarehe 18 Machi ndiyo siku ambayo sitaisahau. Siku hiyo Zanzibar ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Usiku ule ule, Bergamo, malori ya jeshi yalipita mjini yakibeba majeneza kuyapeleka miji mingine, kwa sababu tanuri la kuchomea maiti la pale lilikuwa limezidiwa. Picha ilinifikia kwenye simu nikiwa bado kwenye cherehani. Nikaiangalia, nikatazama juu dirishani kwa mama, maana kibanda changu kiko chini ya nyumba. Nikabonyeza kitufe, nikamtumia dada ujumbe wa sauti. Ninao mpaka leo na sijaufuta, ingawa ninauonea aibu. Nilisema: "Dada, rudi nyumbani. Hao wazee wana watoto wao. Mama ana mimi na wewe tu. Kama unataka kumwosha mzee, mzee wako yuko hapa."

Siku mbili hakujibu. Hilo si kawaida yake. Hata shikamoo yangu huijibu usiku wa manane. Siku ya tatu alileta ujumbe mfupi, sauti imekauka: "Mdogo wangu, watoto wao wamekatazwa kuingia."

Basi. Hakuongeza neno.

Baadaye, kidogo kidogo, alinisimulia siku zake zilivyokuwa, na hapa ndipo ninapotaka kinyozi wangu asikilize. Hakumhubiria mtu. Kazi yake ilikuwa simu. Parokia ilikuwa imewapa tableti moja. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni wa kuhifadhia chakula, akaifunga kwa gundi, ili aweze kuifuta kwa dawa kila inapotoka chumba kimoja kwenda kingine. Familia zilipangiwa dakika kumi na tano kila moja. Wazee wengi masikio yamechoka, na sauti ya kwenye tableti hawaielewi. Kwa hiyo dada alikuwa anainama, barakoa mbili usoni, anaurudia sikioni kwa mzee ule usemi uliotoka kwa mtoto wake. Mtoto anasema, "Mama, ni mimi," na dada anasema, "Mama, ni mimi." Mtoto anaomba msamaha wa jambo la miaka thelathini, na dada anaomba msamaha. Aliniambia amesema "nakupenda" kwa watu wengi asiowajua ndani ya mwezi ule, na kila mara ilibidi aseme kwa namna ya mwenyewe, maana mwingine anasema kwa kulia na mwingine kwa ukali.

Na padri haingii. Kwa Mkatoliki hilo ni jambo zito: kufa bila ya Mpako wa mafuta ya wagonjwa, bila ya mtu wa kukuombea kichwani. Askofu wa Bergamo, Francesco Beschi, aliwaambia waumini kwamba pale padri asipoweza kufika, aliyebatizwa anaweza kumbariki ndugu yake anayekufa. Dada alilisikia hilo akalishika. Akawa anawatia ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole chenye glovu, na kwa kuwa maneno ya Kiitaliano yalikuwa yanamtoka kwa taabu usiku akiwa amechoka, aliwabariki kwa Kiswahili. "Mungu anakijua," alisema.

Kulikuwa na bibi mmoja wa chumba cha mwisho, alifanya kazi ya kufuma nguo kiwandani maisha yake yote. Alipokuwa msichana alikuwa akitia senti zake kwenye kopo la kanisani kwa ajili ya misheni za Afrika. Alishawahi kumwonyesha dada kwa vidole ukubwa wa lile kopo. Homa ilipompanda alianza kumwita dada kwa jina la ndugu yake wa kike aliyekufa zamani. Dada akaitika. Siku nne aliitika jina hilo, usiku na mchana, mpaka homa ikashuka. Bibi yule alipona, na hilo lilikuwa jambo la ajabu mwezi ule, mwezi ambao gazeti la pale, L'Eco di Bergamo, lilikuwa likichapisha kurasa kumi za tanzia kwa siku moja.

Ijumaa ya tarehe 27 Machi, saa mbili usiku kwetu, tuliangalia kwenye simu yangu Papa Francis akisali peke yake Roma, uwanja wa Mtakatifu Petro mtupu, mvua inanyesha. Nilimshikia mama simu. Mama akasogeza uso karibu na kioo, akawa anaangalia pembe moja, kisha nyingine. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Namtafuta mwanangu. Italia si hiyo?" Nikamwambia dada yuko mbali na hapo, yuko zamu. Akaniuliza, "Zamu ya nani?" Nikashindwa kumjibu.

Nitasema ukweli, mama hakuwa radhi. Miaka yote alimwombea mwanawe, lakini wale wazee wa kule hakuwahi kuwauliza hali. Walikuwa kama watu waliomchukulia mtoto. Alikuwa na miaka sabini na nne, anapokea pensheni yake ya wazee shilingi 20,000 kwa mwezi, na ya mwezi ule alinipa nusu ninunue vocha, nimpigie dada nimwambie arudi. Vocha nilinunua. Kurudi kusingewezekana tena: tarehe 12 Aprili, Jumapili yenyewe ya Pasaka, Tanzania ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje.

Pasaka ile dada hakuomba wimbo. Aliniomba nimrekodie muuza kahawa akigonganisha vikombe. Nilikwenda Darajani na simu mfukoni nikamfuata mzee wa watu nusu saa.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na masika yalikuwa makali. Wiki ya kwanza ya Mei mama akaanza homa. Siku ya pili kikohozi kikavu, ya nne hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka chooni bila ya kusimama kushika ukuta. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tarehe 29 Aprili kwenye wagonjwa 480, na mtaani kila mwenye kifua alikuwa na "mafua". Hakupimwa, kwa hiyo sitatia jina kwenye maradhi yake. Najua tu nilivyoogopa. Mke wangu na watoto niliwapeleka kwa wakwe Fuoni, nikabaki mimi na mama.

Nikampigia dada saa saba za usiku. Sikumsalimia. Nikalia. Aliniacha nikalia kidogo, kisha akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kazini: "Weka mkono kifuani kwake. Angalia saa. Hesabu pumzi dakika nzima, usikatize." Nikahesabu 26. Akasema zikifika 30, au midomo ikibadilika rangi, usinisubiri, mpeleke hospitali usiku huo huo. Akanifundisha kumlaza kifudifudi na mto chini ya kifua, kumgeuza kila baada ya muda, kumnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, asipaliwe. Jirani zetu walileta majani ya mchaichai na mkaratusi tumfukize. Dada akasema mama akitaka asizuiwe, lakini sufuria likae mbali naye, maji ya moto yakimwagika ni maradhi mengine, na wala tusidhani kufukiza ndiyo matibabu tukaacha kuhesabu pumzi.

Siku sita nilifanya kazi ya dada yangu. Nilibadilisha mashuka ya mtu asiyeweza kunyanyuka. Nilimwosha mama yangu mzazi, mimi mwanamume, nikiangalia pembeni, nimemsitiri kwa kanga. Kila magharibi Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, naye amefunga, alikuwa akiacha mlangoni bakuli la uji wa pilipili manga limefunikwa kwa kawa, anabisha, anarudi nyuma hatua kumi, ananiuliza kutoka pale, "Kaamkaje mgonjwa?" Mwezi mzima ule hakukosa.

Usiku wa nne pumzi zilifika 29. Dada alikuwa kwenye simu. Mama sikio lake la kushoto halisikii, na la kulia lilikuwa limelalia mto, sauti ya simu haimfikii. Dada akasema, "Mwambie ni mimi, niko hapa." Nikainama. Nikataka kusema, "Dada anasema yuko hapa." Lakini nilikumbuka alivyonieleza, nikasema kama alivyosema: "Mama, ni mimi. Niko hapa." Mama akafumba macho na kufumbua, akaita jina la dada. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeita kutoka dirishani.

Nikaitika, "Abee, mama."

Mimi mwanamume, nimelelewa kuitika "naam", niliitika "abee" usiku kucha. Upande wa pili wa simu dada hakusema kitu, nilikuwa nasikia tu kengele za vyumba vya wazee wake zikilia, na nyayo zake akienda na kurudi. Alinibakia hewani mpaka alfajiri, pumzi zikashuka 27, halafu 24.

Siku ya tisa mama alikaa kitako. Akanywa uji wa Bi Mkubwa nusu bakuli, akaulalamikia pilipili, nikajua amepona. Kisha akanyoosha mkono akataka simu. Kule kwao walikuwa wameanza kulegeza amri tangu tarehe 4 Mei, lakini nyumba ya wazee ilikuwa bado imefungwa. Dada akaitika, akampa shikamoo, mama akamjibu marahaba. Nilidhani atamuuliza atarudi lini, maana ndilo swali lake la miaka sita.

Akasema, "Na hao wazee wako, leo wamekula?"

Dada akanyamaza. Nikasikia akivuta kiti. Kisha akaanza kumtajia, chumba baada ya chumba, nani kamaliza supu, nani kakataa, bibi wa chumba cha mwisho kala mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na mama, bakuli bado liko mapajani, akawa anaitikia: "Ee. Ee. Huyo aliyekataa, mbembeleze."